Mchele wa Usangu Unaouzwa kwa Jina la Kyela

Gunia ninalolizungumzia hapa ni la kilo 25, la nailoni nyeupe, lisilo na nembo, anwani wala jina la mashine iliyokoboa. Nililinunua mwezi wa Juni katika duka moja la jumla pale Tandale, Dar es Salaam, kwa shilingi 2,700 kwa kilo, baada ya kuzunguka maduka manne nikipapasa na kunusa, kama ilivyo ada ya mtu anayenunua mchele wa kulisha nyumba yenye watu tisa. Juu ya rundo lililoachwa wazi kwa ajili ya wateja palichomekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: "Kyela Supa Namba Moja". Nilimwamkia mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kufuma na daftari la madeni kwapani, nikamwuliza kama kweli mzigo ule ulitoka Kyela, wilaya inayosifika kwa mchele wake wa kunukia.

"Marahaba, mama," alijibu, akitabasamu. "Huu ni Saro, umetoka Ubaruku. Lakini ukipenda kuuita Kyela, mimi sikukatazi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nilinunue gunia, kwa sababu muuzaji anayekwambia ukweli kuhusu asili ya mchele wake hana haja ya kukuficha mengine. Ubaruku haiko Kyela wala jirani yake. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, katika bonde la Usangu, na anayetaka kutoka huko kwenda Kyela hana budi kuifuata barabara kuu hadi Uyole, apande milima ya Uporoto hadi Tukuyu, kisha ashuke mpaka karibu na Ziwa Nyasa. Sehemu zote mbili zimo katika mkoa wa Mbeya, na hapo ndipo undugu wao unapoanzia na kukomea. Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mpunga wake hukua kwa mvua hiyo. Tambarare ya Usangu hupata milimita 600 hadi 700, kiasi ambacho mtama ungekishukuru lakini mpunga ungekauka nacho shambani. Kinachouokoa ni maji ya mito inayoshuka kutoka milima ya kusini, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe, ambayo wakulima huyakinga kwa mabanio na kuyapeleka kwa mifereji hadi kwenye majaruba. Kwa hiyo anayekula mchele huu anakula mvua iliyonyesha kwingine.

Nilipofika nyumbani nilipima vikombe viwili, nikaupeta kwenye ungo na kuuchambua juu ya meza yenye mwanga. Chenga zilijaa kijiko kimoja cha chakula na nusu, mawe yalikuwa mawili, punje nyekundu tano, na mpunga ambao haukukobolewa ulikuwa punje moja tu. Kwa mchele usiouzwa katika pakiti ya dukani, hayo ni matokeo mazuri. Punje zenyewe ni ndefu kiasi, zina mng'ao, na chache tu zina lile doa jeupe la katikati linalofanya mchele uvunjike kwa urahisi. Harufu ipo, ila ni ya kujificha: inabidi uufumbate mkononi na kuupulizia pumzi ya moto ndipo ijitokeze. Hiyo ndiyo tabia ya Saro, mbegu ambayo kwenye vitabu vya watafiti huitwa TXD 306, iliyotoka katika kituo cha utafiti cha Ifakara, na ambayo jina lake lenyewe linakiri kwamba inanukia nusu. Wakulima wa Usangu waliipokea kwa sababu huzaa sana panapokuwa na maji ya uhakika. Kyela halisi hunukia ukiwa bado mlangoni mwa duka, lakini huzaa kidogo, na ndiyo maana mji huu wenye mamilioni ya walaji hauwezi kushibishwa na Kyela peke yake, hata kama vibao vya wauzaji vinadai hivyo.

Niliwahi kudhani kwamba Usangu imekuwa nchi ya mpunga tangu zamani, na bila shaka wengi tunaokula matunda yake tunadhani hivyo hivyo. Sivyo. Wasangu wa karne ya 19, chini ya watawala wao walioitwa Merere, walikuwa watu wa ng'ombe, mtama na ulezi, na utajiri wa ikulu yao ya Utengule ulitokana pia na pembe za ndovu zilizopita katika njia za misafara. Wahehe waliwafukuza kutoka tambarare hiyo katika miaka ya 1870, wakakimbilia upande wa Usafwa na kujenga makao mapya ambayo nayo waliyaita Utengule. Ndiyo sababu hadi leo msafiri hukuta Utengule ya Usongwe karibu na Mbalizi, na nyingine ya Usangu bondeni. Walirudi baada ya Wajerumani, ambao Merere alishirikiana nao, kuiteka ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwaka 1894. Katika habari zote hizo za vita na kuhama, mpunga hautajwi hata kwa bahati mbaya.

Waliouleta mpunga wa mifereji kwa wingi, katika miaka ya 1930 na 1940, walikuwa Wabulushi, watu wenye asili ya Baluchistan, huko mpakani mwa Irani na Pakistani. Wazee wao walikuja Afrika Mashariki wakiwa askari wa masultani wa Zanzibar, wengine wakafuata njia za biashara kwenda bara, na baadhi ya vizazi vyao vikatia nanga Usangu, wakafuga ng'ombe na kuoa huko huko. Walichimba mifereji kutoka kwenye mito, wakaonyesha kwamba ardhi ile nzito na nyeusi, inayopasuka wakati wa kiangazi hadi mguu wa mtoto uzame kwenye ufa, hushika maji kama sinia ikishalowa. Majirani wakaiga. Nalipenda sana jambo hili, labda kwa sababu mimi ni mtu wa pwani: mchele wa bara tunaousifia hapa mjini una mkono wa watu waliopita kwetu kabla ya kufika huko.

Baada ya uhuru serikali nayo iliingia kwa kishindo. Katika miaka ya 1970 lilijengwa shamba la taifa la Mbarali, lenye takriban hekta 3,200, kwa msaada wa China, na Ubaruku unakotoka mchele wangu ilikua pembezoni mwa shamba hilo. Shamba la Kapunga, lenye takriban hekta 3,000 za mpunga, lilifuata kati ya mwaka 1988 na 1992 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na yote mawili yaliendeshwa na NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja skimu ya umwagiliaji ya Madibira, ambayo haikuwa shamba la shirika bali iligawiwa wakulima wadogo, kila mmoja hekta moja. Mashamba ya NAFCO yalibinafsishwa katikati ya miaka ya 2000, na Kapunga ikaacha kidonda kilichochukua miaka kutibiwa, kwani hati ya shamba lililouzwa ilijumuisha hekta 1,870 ambazo zilikuwa za kijiji.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudhani kwamba mashirika na wawekezaji ndio wanaoijaza Tandale. Sehemu kubwa ya eneo linalomwagiliwa Usangu, ambalo hupanda na kushuka kati ya hekta 20,000 na 40,000 kutegemea mvua ya mwaka, ni la wakulima wadogo wa mifereji yao wenyewe. Barabara ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, zilipita ukingoni mwa tambarare, zikaifanya Igurusi, Chimala na Rujewa kuwa vituo ambamo mpunga ungeweza kukobolewa leo na kuanza safari ya Dar es Salaam kesho. Watu wakafuata maji na barabara: Wanyakyusa, Wasafwa, Wabena, Wahehe, Wakinga. Wilaya yenyewe ya Mbarali, yenye makao makuu Rujewa, ilizaliwa mwaka 2000 kwa kukatwa kutoka Mbeya Vijijini, wakati tambarare ilikuwa imeshajaa.

Sasa nirudi jikoni, maana mchele hausifiwi kwa historia yake.

Siku ya kwanza nilipika wali wa nazi kwa kipimo nilichozoea, kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya tui na maji, nikaaibika. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Tanga ambaye hajawahi kuusifu wali uliopikwa na mtu mwingine, aliuchota kwa kijiko, akakitazama kijiko, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," alisema kwa upole uliouma kuliko ukali, "haya ni mashendea." Alikuwa na haki. Mchele wa Juni ni mchele mpya. Usangu hupandikiza kati ya Desemba na Februari na kuvuna kuanzia Mei, kwa hiyo punje zile zilikuwa zimetoka shambani majuma machache tu yaliyopita na bado zilikuwa na unyevu wake. Kosa halikuwa la mchele, lakini muuzaji mwema angenikumbusha, na hapo namkata alama moja.

Siku ya pili nilipunguza hadi kikombe kimoja kwa kimoja na nusu. Nilianza na tui la pili, nikaongeza tui zito maji yalipokaribia kukauka, nikafunika, nikapunguza moto wa chini na kupalia makaa machache juu ya mfuniko kwa muda wa robo saa. Wali ulitoka ukiwa umechambuka, punje zimeshikana kwa adabu bila kugandana, na chini ya sufuria pakabaki ukoko wa rangi ya asali ulionyanyuka kipande kizima nilipoupenyeza mwiko pembeni. Watoto waliugombania. Harufu ya nazi iliifunika ile ya mchele, na hapa naona faida ya kunukia nusu, kwa kuwa katika wali wa nazi Kyela halisi na tui hushindana, na mimi sipendi mashindano mdomoni. Kiporo chake cha asubuhi, kilichopashwa kwa chai ya rangi, kilibaki laini, jambo ambalo pakiti nyingi za mchele wa kutoka nje hazijawahi kunipa.

Kwa pilau, nakushauri usubiri. Nililiweka gunia juu ya mbao mbili, mbali na ukuta, na mwezi wa Agosti nikapika pilau la Jumapili kwa mchele ule ule: punje zilisimama zenyewe, zikanywa mchuzi wa nyama vizuri bila kupasuka. Anayetaka pilau mwezi wa Juni atafute mchele wa msimu uliopita.

Nililinganisha pia na gunia la ujazo ule ule nililolinunua mapema mwaka huu katika duka jingine, ambalo silitaji, lililochapishwa kwa rangi za kupendeza na neno Kyela kwa herufi kubwa. Huo nao uligharimu shilingi 300 zaidi kwa kila kilo. Kilo tano za kwanza zilinukia hadi kwa jirani. Nilipovuka hapo niliuona mchele ukibadilika rangi mbele ya macho yangu, ukiwa mkavu, wenye chenga na vumbi la pumba, na chini kabisa nikakuta wadudu. Nilipourudisha niliambiwa kwamba mchele ukishafunguliwa haurudishwi. Mchanganyiko wa namna hii ni mchezo wa kawaida mjini, na jina la Kyela ndilo chambo chake, kwa sababu hakuna anayehangaika kughushi jina lisilojulikana. Tangu siku hiyo naomba gunia limwagwe kwenye turubai kabla ya kupimwa. Mzee wa Tandale aliniruhusu bila kununa.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika shilingi 2,700, nayo inanizuia kuupa mchele huu alama zote. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, hukadiria kwamba kilo moja ya mpunga huhitaji kwa wastani lita 2,500 za maji. Gunia langu la kilo 25 lilitokana na takriban kilo 38 za mpunga, maana maganda na pumba huchukua karibu theluthi ya uzito, na hesabu hiyo inatufikisha kwenye lita 95,000, yaani maboza tisa na nusu ya lita 10,000, yale yale tunayoyaagiza bomba linapokauka mtaani kwetu. Si maji yote hayo hupotea, kwa kuwa mengine hurudi mtoni au hutumiwa na jirani wa chini, lakini yote hupitia kwanza shambani.

Na mto umelalamika. Ruaha Mkuu, ukishapita Usangu na kinamasi cha Ihefu, huingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera na la Kidatu, ambayo umeme wake unatufikia hapa. Mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu hapo ukawa unakatika karibu kila mwaka, viboko wakijazana kwenye madimbwi yanayobaki. Mgao wa umeme wa miaka ile ulipotupiga, wengi walielekeza kidole kwa wakulima wa Usangu. Watafiti waliopima maji baadaye walionyesha kwamba Mtera hujazwa hasa na mafuriko ya masika, na kwamba maji yanayokingwa wakati wa kiangazi huiumiza hifadhi zaidi kuliko mitambo. Mwaka 2001 waziri mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Ahadi hiyo haikutimia.

Waliolipa mwanzo walikuwa wafugaji. Wamasai na Waparakuyo walifika Usangu tangu miaka ya 1950, Wasukuma kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, na mifugo yao ililaumiwa kwa kukausha Ihefu. Mwaka 2006 na 2007 waliondolewa kwa operesheni ya serikali, wengi wao wakaswaga ng'ombe hadi Lindi na Pwani, na mwaka 2008, kwa Tangazo la Serikali Namba 28, eneo hilo likaunganishwa na hifadhi ya Ruaha, iliyopanuka kupita kilomita za mraba 20,000. Vijiji vilivyojikuta ndani ya mipaka mipya viliishi na mgogoro huo kwa miaka mingi. Mtu anayeshangaa kukutana na mfugaji wa Kisukuma kando ya barabara ya Kilwa, kwa hiyo, huenda anakutana na sehemu ya habari za gunia langu.

Silalamiki ili watu waache kuununua. Ninachotaka ni gunia lenye jina lake: kijiji, msimu wa mavuno, mbegu na mashine iliyokoboa. Mnunuzi angejua apunguze maji kiasi gani sufuriani, mkulima wa Ubaruku au Igurusi angejenga sifa inayomlipa, na skimu inayotunza maji ingeweza kujitofautisha na ile inayoyaacha yatiririke hovyo kwenye majaruba yaliyokwisha kuvunwa. Kwa sasa sifa yote huenda Kyela na lawama yote hubaki Mbarali.

Kwa ladha na usafi naupa mchele wenyewe nane kati ya kumi, na duka la Tandale saba, likipoteza alama kwa kutonionya kuhusu mchele mpya, kwa mizani iliyowekwa mahali ambapo mnunuzi lazima ainame ili aisome, na kwa kile kibao.

Nilirudi mwishoni mwa Agosti kuchukua gunia la pili. Kipande cha boksi kilikuwa kile kile, ila neno "Kyela" lilikuwa limekolezwa wino upya. Nilimwuliza mzee kama hajawahi kufikiria kuandika Ubaruku.

"Niliandika, mama," alisema, huku akilifunga gunia langu kwa sindano na uzi wa katani. "Siku mbili tu. Wateja wale wale, mchele ule ule, wote wakataka niwapunguzie mia mbili."

Nilimlipa bei ya Kyela.